Mkufunzi Aliyefuata Umeme

Ukitaka kumkuta Mkufunzi hukwenda kwake, kwa sababu kwake hakukaa. Ulisimama Majengo karibu na maduka ya vipuri, ukatazama ni upande gani wa mji una umeme siku hiyo, kisha ukaelekea huko. Enzi zile Songea iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na dizeli yenyewe ilikuwa ya kungojea malori. Basi mji ukagawanywa vipande: Majengo asubuhi, Msamala mchana, na wiki nyingine wakageuza. Mkufunzi alikuwa na darasa la kompyuta Majengo na chumba cha kupanga Msamala. Umeme ulipohama, naye alihama. Alichomoa nyaya, akaivika mashine kitenge cha mkewe, akaifunga kwa mpira kwenye keria ya baiskeli, akaanza kuisukuma. Sikuwahi kumwona akiipanda baiskeli ile. Alisema ikianguka yeye atapona, diski haitapona.

Nilisoma kwake miaka miwili na nikamkasirikia zaidi ya kumi. Nayasema haya mapema asije mtu akadhani naandika sifa za msibani. Mkufunzi yu hai. Jina lake nalijua, la baba yake pia nalijua, lakini mji mzima ulimwita Mkufunzi na sioni sababu ya kumwita vingine leo. Alikuja kutoka mkoa mwingine kama walivyokuja walimu na mabwana afya wengi, na sisi wenyeji tulimpokea kama tunavyowapokea wote, yaani tulimwacha kwanza tumtazame.

Darasani hakuwa na kiti. Alifundisha akitembea kati ya meza nne, mkono mmoja nyuma, mwingine ukigonga migongo ya viti vyetu. Chai ya rangi aliyoletewa ilipoa dirishani, akaagiza nyingine, nayo ikapoa. Sentensi aliianzia ubaoni akaimalizia mlangoni, au asiimalizie kabisa, nasi tukabaki tumeinua kalamu. Siku moja nikamuuliza kwa nini hakai.

"Dada, mimi nilikaa miaka kumi na tatu," akasema.

Alikaa katika shirika moja la umma, chumba chenye kiyoyozi, akiitumikia kompyuta kubwa iliyojaza ukuta. Kisha mashirika yakaanza kuuzwa, watu wakapunguzwa, na mnunuzi wa shirika lake akaja na mashine mbili ndogo zilizotosha juu ya meza moja. "Nilikuwa nimekaa nilipoletewa barua," akasema. Tangu hapo kazi yoyote aliishika akiwa amesimama, na ukimwambia pumzika aliangalia nyuma yake kama aliyeitwa.

Mimi nilikuwa karani wa kadi katika hospitali ya misheni nje kidogo ya mji. Kadi za wagonjwa zilikuwa maelfu, zimejaa kwenye makabati ya mbao, na mama aliyefika alfajiri na mtoto mwenye homa aliweza kusimama dirishani hadi jua likawa kali kwa sababu kadi yake iliwekwa kwenye herufi ya baba badala ya herufi ya mume. Sista Msimamizi, mwanamke wa maneno machache asiyependa kuona mtu akingoja, alisikia kwamba kompyuta zinaweza kuipata kadi kwa kufumba na kufumbua. Akanituma kwa Mkufunzi nikajifunze, na Mkufunzi naye akapewa kazi ya kutengeneza. Kazi ilikuwa hii: karani aandike jina dirishani, na daktari katika chumba cha pili aione kadi hiyo hiyo kwenye mashine yake. Mkufunzi aliamua itengenezwe kwa lugha ya Java, ifunguke kama kurasa za mtandao, ili mashine moja ibebe mzigo na nyingine ziwe za kutazama tu.

Na hapo ndipo lilipokuja neno lake alilolipenda kuliko yote, kiunzi. Wenzake wa Dar es Salaam walilitaja kwa Kiingereza. Yeye alitutoa nje, akatuonyesha nyumba ya jirani iliyokuwa imesimamishwa miti na kufungwa fito, bado haijakandikwa udongo.

"Mnaiona? Mlango unajulikana utakapokuwa, dirisha linajulikana. Hicho ni kiunzi. Watu wengine wamekwisha kata miti na kufunga kamba. Sisi kazi yetu ni kukandika. Lakini mtu asiyejua kusimika nguzo asiniambie habari za kukandika."

Kukisimika kiunzi hicho kulitula wiki tatu. Kilikuja kwenye CD kutoka Dar, ndani ya bahasha ya kaki, mikononi mwa kondakta wa basi. Basi lilitarajiwa jioni, lakini Mkufunzi alikwenda stendi tangu saa nane mchana akaanza kuzunguka, akiuliza kila gari lililoingia, hata yale ya kutoka Mbinga, upande usio wa Dar. Aliporudi na bahasha hakuifungua. Alinawa mikono kwanza, akaikausha kwa leso yake, akasema "Bismillahi," na sisi Wakatoliki watatu tuliokuwapo tukaitikia "Amina" kwa mazoea, akacheka.

Alikuwa na utaratibu wake wa kusimika ambao sijauona kwa mtu mwingine. Tulifanya wawili wawili, msomaji na mwandishi. Msomaji alisimama na karatasi ya maelekezo akasoma hatua moja kwa sauti, kama msomaji wa somo la kwanza kanisani. Mwandishi akaandika kwenye mashine. Kisha mwandishi akayasoma aliyoandika, herufi kwa herufi, kubwa na ndogo, nukta na mikwaju, na msomaji akifuatisha kwa kidole. Hakuna aliyebonyeza kitufe mpaka msomaji aseme "sawa." Na kila kosa lililotokea kwenye kioo tulilinakili kwa kalamu daftarini pamoja na saa lilipotokea, kabla ya kuligusa. "Umeme ukikatika kioo kinasahau," alisema. "Daftari halina dizeli."

Makosa yalikuwa mengi. Wiki nzima ya kwanza seva, ile programu ya kugawa kurasa kwa mashine nyingine, iligoma kuwaka, inasema haijui nyumba ya Java iko wapi, nasi tulikuwa tumeielekeza. Tulifuta tukaanza upya mara tano. Siku ya sita, katikati ya kusukuma baiskeli kuelekea Msamala, Mkufunzi akasimama ghafla barabarani, watu wakampita, akaniambia nishike usukani. Akafungua daftari juu ya kitenge. Folda tuliyoiwekea Java ilikuwa na jina la maneno mawili yenye nafasi katikati, na seva ilikuwa ikisoma neno la kwanza na kuishia hapo. Tulipofika tukaihamishia folda yenye jina la neno moja. Kilipotokea kioo kile cha kwanza cha seva kusema imesimama, kwenye mlango namba nane sifuri nane sifuri, Mkufunzi alitoka nje akazunguka nyumba mara mbili na kurudi akiwa anafuta macho. Nilifurahi sana siku ile. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nilikuwa nimezoea kuchapa barua za watu wengine, na mara hii kitu kilisimama kwa sababu nilikisoma vizuri.

Mtu wa kinyume na maneno yake namna ile nimemwona mmoja tu. Katika mafaili ya kiunzi kila alama unayoifungua sharti uifunge, usipoifunga programu nzima inakataa, na Mkufunzi alituimbia "ulichofungua kifunge" mpaka ikawa salamu yetu. Yeye mwenyewe aliacha milango wazi, makopo ya sukari wazi, mabomba ya maji wazi. Alichukia kuitwa fundi, akisema fundi hutengeneza kilichoharibika na mkufunzi hutengeneza kisichokuwapo, lakini kila Ijumaa baada ya sala alikutwa uani akifumua redio za majirani bila kudai kitu. Alikuwa Mwislamu asiyekosa sala, na Sista akisema "Tumsifu Yesu Kristo" alikuwa wa kwanza kuitika "Milele amina," kwa sauti kubwa kutushinda. Alihubiri subira akiwa anatikisa mguu.

Msemo wake mwingine nilioukariri ulikuwa huu: kosa ni la aliyegusa mwisho. Maana yake, programu ikikataa usianze kumlaumu aliyeitunga Amerika, angalia kwanza wewe uliyeigusa mwisho uligusa nini. Ni kanuni nzuri na mimi mpaka leo nawafundishia wengine. Haidhuru mtu ikitumika darasani.

Na alikuwa mbishi. Mfano mmoja unatosha, nao ndio ulionigharimu. Mashine zote zilikuja zimewekwa saa kwa mtindo wa kizungu, saa nne ya asubuhi inaonyesha kumi. Mkufunzi hakupenda. "Mwanafunzi anaangalia kioo kinamwambia kumi, anaandika daftarini saa kumi, mimi nasoma nadhani ni alasiri," alisema. "Mashine iko Songea. Isome saa kama tunavyoisema." Akairudisha saa ya mashine ya darasani, ile ya kwenye baiskeli, nyuma kwa saa sita. Kuanzia siku hiyo saa nne ilionyesha nne na saa tisa ilionyesha tisa. Tulimpigia makofi. Mashine ya hospitali iliyokuja na wafadhili hakuigusa, kwa kuwa si yake, ikabaki na saa yake ya kizungu.

Sasa nieleze ile Ijumaa.

Bodi ya hospitali ilikuwa ikutane kuamua. Kampuni moja ya Dar ilikwisha kuwaletea kipeperushi kinachong'aa, na baadhi ya wazee wa bodi waliona kazi kama ile haifanywi na mtu wa baiskeli. Mkufunzi alijua. Wiki ile hakulala sawasawa, macho yalikuwa mekundu na alikuwa akiniita kwa majina ya wanafunzi wengine. Kwa majaribio tuliingiza kadi kumi za kweli, kwa sababu yeye alikataa majina ya kubuni. "Majina ya kubuni hayakohoi," alisema. Kadi moja ilikuwa ya mama wa chai, mwanamke wa makamo aliyepika jikoni kwa wauguzi, ambaye alinijia mwenyewe akiwa anapangusa mikono. "Weka na yangu, mwanangu, nione kama hiyo mashine itanijua." Nikaiweka.

Alhamisi, saa nne asubuhi, tukafungua ukurasa wa dirishani hospitalini ili Sista auone. Akausoma mara moja tu.

"Na ugonjwa umeandikwa hapa kwa nini? Kila anayepita dirishani asome?"

Mkufunzi akasema utaondolewa. "Uondolewe leo," akasema Sista. "Pabaki jina, namba na kijiji."

Jenereta la hospitali lilizimwa mchana kubana mafuta, kwa hiyo tukaenda Msamala. Saa tisa alasiri, kwenye mashine ya darasani, mimi nikiwa mwandishi na yeye msomaji, nikauondoa mstari wa ugonjwa. Tukaufungua ukurasa, tukaona umeondoka. Nikaunakili kwenye flopi. Jioni jenereta lilipowashwa kwa ajili ya wodi, nikaenda peke yangu hospitalini, Sista akanipa dakika tano, nikaubandika ukurasa mpya juu ya ule wa zamani. Mashine ikaniambia faili limenakiliwa. Sikuufungua kuutazama. Hilo ni kosa langu na nimelibeba, ila ndilo kosa langu lote.

Ijumaa asubuhi wazee wa bodi walikaa nusu duara, Sista kando yao, Mkufunzi kasimama, mimi kwenye kibodi. Mama wa chai aliingia na sinia. Mkufunzi akaeleza kiunzi, akaeleza kukandika, wazee wakaitikia kwa vichwa, mambo yakawa yanakwenda vizuri. Mwenyekiti akasema, "Basi tutafutie mtu." Mama wa chai, bado ameshika sinia, akanikonyeza na kusema taratibu, "Niandike mimi."

Nikamwandika, nikabonyeza. Ikaja jina lake, namba, kijiji, na chini yake, kwa herufi zile zile nilizozifuta jana, kifua kikuu, mwezi wa tatu wa dawa.

Mzee mmoja aliyekuwa amekwisha kunywa nusu ya chai yake alikiweka kikombe juu ya meza na kukisukuma mbali kwa kidole kimoja. Mama wa chai alikiona kile kidole. Akaliweka sinia sakafuni, polepole, kisha akatoka.

"Nani aliambiwa aondoe?" Sista akauliza.

Nilimtazama Mkufunzi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ametulia, hata mguu hautikisiki. "Ni huyu dada," akasema. "Jana aliniambia ameondoa na amenakili. Kosa ni la aliyegusa mwisho."

"Niliondoa, Sista," nikasema. "Yeye mwenyewe aliona."

"Niliona kule Msamala," akasema Mkufunzi. "Hapa sikuwapo."

Ilikuwa kweli, na kioo kilikuwa mbele yetu kinanisuta. Mchana ule ule yeye akaurekebisha ukurasa upya, akauleta na flopi ile ile, ukafunguka bila ugonjwa. Mbele ya watu ikawa imethibitika kwamba mimi sikunakili kitu, nilidanganya. Jumatatu nikapewa barua. Nilikuwa nimekaa nilipoipokea, na niliwaza maneno yake, nikamchukia zaidi.

Kazi si kitu, kazi inapatikana. Kilichonimaliza ni jina. Karani wa kadi anajua nani ana nini katika mji mzima na sifa yake yote ni mdomo wake kufungwa. Majengo sokoni nikawa yule dada aliyeanika siri za wagonjwa. Wanawake niliosoma nao walipunguza sauti nilipokaribia. Mama wa chai hakurudi jikoni, hakuna aliyetaka chai ya mkono wake hata alipomaliza dawa na kupona, akaanza kuuza mboga uani kwake. Nilimwendea siku ya kwanza, nikapiga magoti, nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Aliendelea kufunga mafungu ya mchicha. Nikarudia. Hakuitikia. Kwa watu wa kwetu mkubwa kukataa shikamoo si jambo dogo, wapo waliogombana kwa mashamba na bado wanaitikiana. Nilimwamkia kwa miaka, popote nilipomkuta, na kwa miaka ile yote alinyamaza.

Nilipata kazi ya masjala halmashauri, na baada ya miaka miwili nikapelekwa Iringa kwa kozi. Mwalimu wa kule, akieleza tu kwa kupita, alisema seva zile huwa hazitengenezi ukurasa upya kila mara. Hulinganisha saa. Ukurasa ukiwa umehaririwa baada ya ile nakala iliyokwisha kutayarishwa, huutayarisha upya. Ukiwa wa kabla yake, huudhani wa zamani na kuendelea na nakala iliyopo. Nikaacha kuandika. Alhamisi ile tuliufungua hospitalini saa nne, na mashine ya hospitali iliandika kumi. Nikauhariri Msamala saa tisa, na mashine ya Mkufunzi iliandika tisa, na faili likasafiri na saa hiyo kwenye flopi. Kwa seva, kazi yangu ya alasiri ilikuwa imefanywa kabla ya asubuhi. Siku nyingine tulikuwa tukibadilisha hapo hapo hospitalini au kesho yake, ndiyo maana hatukuwahi kunaswa.

Nilitoka nje ya darasa nikalia. Nilitaka kupanda basi usiku huo huo nikamwonyeshe. Lakini niliporudi Songea Mkufunzi alikwisha kuhama siku nyingi, nusu mwaka tu baada ya ile Ijumaa, na hospitali ilikwisha kuita kampuni ya Dar. Hakuna aliyejua alikoelekea. Nilijaribu kumweleza Sista habari za saa, akanisikiliza hadi mwisho akasema, "Mwanangu, hayo yamepita." Nilimweleza na dada yangu, akaniuliza kama ninakula vizuri. Ukitaka watu wakuone umerukwa na akili, waambie hukutenda kosa kwa sababu saa tisa ilitangulia saa kumi.

Nilimwona tena mwaka juzi. Tulikuwa tunarudi kutoka Mtwara na gari la ofisi, dereva akasimama Nakapanya kununua korosho. Kando ya barabara palikuwa na mashine ya kusaga, na juu ya ngurumo yake nikasikia sauti ya mtu akisema, "Ulichofungua kifunge, mama, unga unapeperuka." Nikashuka.

Alikuwa amekonda, mvi kichwa kizima, kibarghashia kimejaa unga. Alikuwa amekaa. Nasema nililoliona: amekaa juu ya kigoda, miguu imevimba, fimbo pembeni. Sukari, aliniambia baadaye. Mikono ndiyo haikutulia, ilikuwa inapapasa mkanda wa mashine, inapima joto, inaondoa punje.

"Shikamoo, Mkufunzi."

Alinitazama muda, kisha akainuka kwa fimbo, jambo ambalo nadhani lilimuuma. "Marahaba," akasema, na kabla sijafungua mdomo, "ni saa. Ilikuwa ile saa yangu."

Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu miaka mingi na sasa hayakuwa na kazi. "Uligundua lini?"

"Ijumaa ile ile. Alasiri. Nilipoubandika ukurasa wangu nilitazama saa za mafaili, nikaona."

"Ijumaa," nikasema. "Na barua nimepewa Jumatatu."

"Bodi ilikuwa inataka mtu mmoja wa kulaumiwa na mtu mmoja wa kutengeneza," akasema. "Ningesema ni mimi, wangeita wale wa Dar siku ile ile. Nikajiambia wewe bado mdogo, utapata pengine, mimi nikipunguzwa tena sina pa kwenda. Halafu sikuweza kukaa pale. Kila nikipita Majengo naona kama kila mtu ameshika lile faili." Akawageukia wanawake waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao za mahindi, akapaza sauti kushinda mashine. "Nyie mama zangu, mnisikilize. Huyu dada nilimsingizia mbele za watu. Hakukosa. Mimi ndiye niliyekosa."

Wanawake wakatutazama. Mmoja aliyekuwa mbele akasema, "Haya, amekiri. Wewe unasemaje? Watoto wana njaa huku."

Hasira yangu ilipanda. Amewaambia watu wa Nakapanya, ambao hawanijui na kesho watasahau. "Siyo hapa, Mkufunzi," nikasema. "Na mtu wa kwanza kuambiwa si mimi."

Alielewa. "Mama wa chai yu hai?"

"Yu hai. Tuko jumuiya moja ya kanisa, mimi ndiye katibu, namba za wote ninazo. Tunasali nyumba kwa nyumba. Zamu ikifika kwake mimi natuma udhuru."

"Nipe hiyo namba," akasema. Akaizima mashine. Ule mkanda ulichukua muda kusimama, na wanawake wakaanza kunung'unika. Nikaipiga kwa simu yangu, nikamkabidhi kabla haijapokelewa. Alitaka kutembea, niliona mwili wake ukitaka, lakini miguu ilikataa, akabaki ameegemea fimbo. Alijitaja. Alieleza yote, bila kiunzi, bila seva, kwa maneno ya kawaida kabisa: kwamba dada aliuondoa ugonjwa wake kama alivyoagizwa, kwamba mashine yake yeye ndiyo iliyourudisha, kwamba alijua siku ile ile akanyamaza, na kwamba hana la kujitetea. Kisha akasikiliza. Akasema "ndiyo, mama" mara tatu.

"Anauliza kama upo hapa," akaniambia, akanipa simu. Simu ilikuwa na unga.

Nikaiweka sikioni. Nilisikia anapumua, na kuku nyuma yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Nikasikia akiwafukuza kuku.

"Marahaba," akasema. "Alhamisi jumuiya iko kwangu. Usitume udhuru."